Jina la faili sio faili: diski inayosema imejaa na haijajaa, faili lisilofutika, na vimbwanga vingine vya Linux

Maswali ninayoletewa na watu wa Linux ni yale yale, awe ana kaseva kadogo ka kukodi au laptopu tu ya nyumbani: diski inasema imejaa na haijajaa, nimefuta faili nafasi haijarudi, mimi ndo mwenye faili mbona nakataliwa. Ukiyachimba karibu yote yanaishia sehemu moja ambayo wengi hatukuambiwa tulipoanza, kwamba jina la faili na faili lenyewe ni vitu viwili.

Folda ni daftari la majina tu. Mstari mmoja una jina, pembeni yake namba. Hiyo namba ndo ya inodi, na kwenye inodi ndo kumeandikwa mambo yote: ni kitu cha aina gani, mwenye ni nani, kundi gani, ruhusa, ukubwa, tarehe, ina majina mangapi, na data yake iko kwenye bloki zipi za diski. Kisichoandikwa humo ni jina. (Hiyo "i" ya mbele hata Dennis Ritchie, mmoja wa walioitengeneza Unix, alipoulizwa alikisia tu kwamba ni ya "index", yaani faharasa, kwa hiyo usijisikie vibaya kama hukujua.) Ni kama mtu mtaani anaitwa Baba Juma, kazini anaitwa Fundi, lakini namba yake ya NIDA ni moja, ukifuta jina Fundi kwenye daftari la kazini Baba Juma bado yupo nyumbani anakula.

Kabla ya kugusa chochote zoea hii amri:

```
$ ls -li mkataba.txt
393240 -rw-r--r-- 1 asha asha 1840 Mar 12 09:14 mkataba.txt
```

393240 ni inodi. Ile 1 baada ya ruhusa ni idadi ya majina. Ukitaka maelezo yote piga `stat mkataba.txt`. Haya twende.

"No space left on device" na df -h inaonesha nafasi ipo

Linux inakwambia nafasi imeisha, ila df -h, amri ya kuonesha nafasi ya diski, inasema ipo. Sababu ya kwanza, na hii ndo inawaumiza wengi, inodi zimeisha. Kwenye ext4, mfumo wa faili unaotumika sana Linux, idadi ya inodi inapangwa siku unafomati, kawaida inodi moja kwa kila baiti 16384, kwa hiyo diski ya GB 20 inapata inodi 1,310,720 na hapo ndo mwisho, hata mafaili yako yawe ya baiti kumi kumi. Cheki:

```
df -i
```

Ukiona IUse% ni 100 umempata mwizi. Mimi ilinikuta saa nane usiku, duka la mtandaoni la mteja haliingizi oda, df -h inasema diski imetumika nusu tu, nikazunguka kwenye databesi saa nzima nikijua kosa liko huko, kumbe programu ya duka ilikuwa inaandika sesheni za wateja kwenye folda yake yenyewe na hakuna kitu kinachozifagia. Debian inafagia `/var/lib/php/sessions`, ukiiambia PHP iweke sesheni pengine basi ufagio ni wako. Vijifaili zaidi ya milioni moja, vingi vitupu kabisa, kila kimoja kimekalia inodi yake.

Kutafuta zilikojazana:

```
du --inodes -x / | sort -n | tail -20
```

Ikichukua muda mrefu kuna njia ya mkato ninayoipenda zaidi. Si tumesema folda ni daftari? Basi daftari lenye majina mengi linanenepa lenyewe:

```
find / -xdev -type d -size +1M
```

Folda ya kawaida ina KB 4. Inayotokea hapo yenye MB 40 huhitaji kuuliza zaidi. Kufuta usipige `rm *`, utajibiwa "Argument list too long", tumia find na umri, mfano vya zaidi ya siku moja:

```
find /njia/ya/sesheni -type f -mmin +1440 -delete
```

Usishangae folda yenyewe ikibaki nene hata baada ya kufuta, ext4 ndivo ilivo, ikikukera tengeneza folda mpya, hamishia vilivyobaki, futa ya zamani. Na kuongeza inodi kwenye ext4 bila kufomati upya haiwezekani isipokuwa uipanue patisheni kwa `resize2fs`, zinaongezeka na ukubwa. Kwenye XFS, mfumo mwingine wa faili, inodi zinatengenezwa kadri zinavyohitajika, kwa hiyo kama unajua seva itakuwa na vijifaili vingi chagua hiyo mapema.

SIMAMA HAPO kama folda iliyojaa iko ndani ya `/var/lib/mysql` au kwenye foleni ya barua pepe, au huijui ni ya nini. Muulize mwenye mfumo kwanza.

Sababu ya pili, ext4 hutenga asilimia 5 ya diski kwa ajili ya ruti, yule mtumiaji mkuu mwenye mamlaka yote. Utaiona df -h ikisema Size 20G, Used 19G, Avail 0. Kwenye patisheni ya mfumo iache, inakuokoa siku mambo yakiharibika maana ruti bado anaweza kuingia na kuandika. Ila kwenye diski ya TB 2 ya kuwekea muvi tu hiyo ni GB 100 zimekaa bure, piga `tune2fs -m 1 /dev/sdb1`, ukihakikisha ni diski yenyewe.

Ya tatu ni adimu na ni ya kuchekesha, sio diski kabisa. Programu zinazochungulia mabadiliko ya mafaili, hasa za kuandikia kodi, zikimaliza idadi ya kuchungulia ziliyopewa, Linux inazijibu kosa lile lile la nafasi. Cheki `/proc/sys/fs/inotify/max_user_watches` kisha iongeze kwa sysctl.

Nimefuta logi ya GB 9 na nafasi haijarudi

Hapa mtu anafuta, anacheki df, hakuna kilichobadilika, anaanza kufuta na vingine vilivyokuwa na kazi. Tulia. `rm` haifuti faili, inakata mstari kwenye daftari tu. Inodi na bloki zake zinaachiwa pale mambo mawili yakitimia: majina yamebaki sifuri, na hakuna prosesi (programu inayoendeshwa) iliyolishika faili wazi. Kwa hiyo sababu ya kwanza siku zote ni kwamba programu bado imelishikilia:

```
sudo lsof +L1
```

Hii inakuletea mafaili yaliyo wazi lakini hayana jina tena. Utaona jina la programu, namba ya prosesi, namba ya kishikio kwenye safu ya FD, ukubwa, na mwisho wa mstari neno deleted. Tuseme ni nginx, prosesi 812, FD 5w.

Sasa kabla ya kulimwaga jiulize, hilo faili ulitaka kweli lifutike? Maana kama umelifuta kwa bahati mbaya, dakika hii bado lipo zima:

```
sudo cp /proc/812/fd/5 /root/imeokolewa.log
```

Nimeshaona mtu amefuta faili la databesi likiwa linatumika, akapaniki, akaributi seva. Pale pale ndo alipolizika. Ukifuta kitu kikubwa kwa makosa USIRIBUTI, usiizime programu, toa nakala kwanza kupitia hapo, na kama ni databesi hata nakala hiyo inaweza kuwa ya nusu nusu kwa sababu bado inaandikwa, mwite mtu wa databesi kabla hujagusa kingine.

Kama ni logi ya kutupa kweli, ambia programu ifungue logi upya, kwa nginx ni `nginx -s reopen`, au irestati. Siku nyingine usifute logi inayoandikwa, ipunguze hadi sifuri kwa `truncate -s 0`, inodi inabaki ile ile na programu haijui kitu.

Ikiwa lsof haioneshi kitu, cheki kama faili lilikuwa na majina mawili, ile namba kwenye ls -l ilikuwa zaidi ya 1, maana umefuta jina moja tu. Alafu kama ni Btrfs au ZFS, snapushoti (picha za hali ya diski ya nyuma) za zamani zimelishikilia. Na kuna ile ambayo du (inayojumlisha ukubwa wa mafaili) na df hazikubaliani hata ufanyeje, mara nyingi kuna data iliandikwa kwenye folda ya `/data` siku ambayo diski ya kumaunti (kuunganisha na folda) hapo haikupanda, sasa diski imepanda juu yake imezifunika. Piga `mount --bind / /mnt` uchungulie `/mnt/data`, utazikuta zimelala.

"Permission denied" wakati faili ni langu

Kabla ya yote, acha chmod 777, ile ya kumpa kila mtu ruhusa zote. Najua umeisoma mahali na ilifanya kazi.

Anza na:

```
namei -l /var/www/duka/picha/nembo.png
```

Inakuonesha ruhusa za kila folda njiani kuanzia juu, na tisa kati ya kumi tatizo liko kwenye folda moja huko katikati ambayo haina x. Kwenye folda r ni kusoma orodha ya majina, x ni kupita kwenda kwenye inodi zenyewe, w ni kuandika na kukata mistari. Ndo maana ukiwa na r bila x unapata kile kioja ambacho kinawatisha watu, ls -l inaleta majina sawa lakini pembeni ni alama za kuuliza tupu, `-????????? ? ? ? ?`. Jina umelisoma kwenye daftari, inodi umezuiwa kuifikia.

Na kufuta vilevile, haijalishi faili ni la nani, inayoangaliwa ni w na x ya folda maana ni daftari unaloliandikia. Watu wanashangaa jamaa kafuta faili lao la kusoma tu, ndo hivo, folda ilikuwa wazi. `/tmp` wameiwekea stiki biti, ile t ya mwisho, ili kila mtu afute vyake tu.

Kama folda zote ziko poa, piga `ls -ln` na `id`. Inodi haiandiki "asha", inaandika 1000. Jina asha linatoka `/etc/passwd` ya mashine hiyo. Kwa hiyo diski ukiihamishia kompyuta nyingine ambayo 1000 ni juma, mafaili yote ya asha yanakuwa ya juma bila mtu kugusa kitu. Dawa ni `chown -R` kwenye folda yako hiyo, sio kwenye `/`.

Umejiongeza kwenye kundi na bado inakataa? Toka uingie tena. Na unapomwongeza mtu ni `usermod -aG`, ukisahau ile a umemtoa kwenye makundi mengine yote, pamoja na la sudo, nimeshuhudia mtu akijifungia nje ya seva yake kwa herufi moja.

Kwenye Fedora, Rocky na ndugu zao kuna SELinux, ulinzi wa ziada unaoangalia lebo za mafaili, ruhusa zote ni sawa lakini tovuti inakataa kusoma. Hapa tofauti ya mv na cp ndo inaonekana kweli kweli. Ukitoa picha kutoka nyumbani kwako kwa mv kwenda `/var/www` ndani ya diski ile ile, inodi haibadiliki, inahama na lebo yake ya nyumbani. Ukitumia cp inazaliwa inodi mpya inapewa lebo ya hapo ilipo. Cheki kwa `ls -Z`, rekebisha kwa `restorecon -Rv /var/www`.

Fleshi nayo, umepiga chmod mara kumi haikubali. FAT32 na exFAT hazina pa kuandika mwenye wala ruhusa, unachokiona Linux inabuni tu kutokana na ilivyomauntiwa. Weka `uid=1000,umask=022` wakati wa kumaunti. Na bakapu ya Linux usiimwage kwenye fleshi kavu kavu, ifunge kwenye tar kwanza, la sivyo ruhusa na simulinki (mafaili yanayoelekeza kwenye jina lingine) zote zimepotea.

Mwisho kuna "Operation not permitted" hata ukiwa ruti. Piga `lsattr`. Ukiona herufi i faili limefungwa lisibadilike, `chattr -i` inalifungua. Ila kama hukuliweka wewe, na liko kwenye `/etc`, `/usr/bin` au kwenye `authorized_keys`, SIMAMA. Hiyo ni kawaida ya wavamizi kulinda vitu vyao visifutwe. Toa seva kwenye mtandao, usifute kitu, mtafute mtu wa usalama.

Na kama ulishapiga `chmod -R 777 /`, teminali uliyonayo usiifunge. Sudo itagoma kwa sababu imepoteza ile s yake, ruhusa ya kuendeshwa kama ruti, ssh nayo itakataa funguo, hicho kidirisha kilichobaki na ruti ndo mlango pekee. Kopi data yako nje kupitia hapo, alafu panga kuinstoli upya au rudisha bakapu. Kurekebisha faili moja moja sikushauri.

Nimebadilisha faili, upande mwingine halijabadilika (au limebadilika bila kutaka)

```
$ ln mkataba.txt nakala.txt
$ ls -li
393240 -rw-r--r-- 2 asha asha 1840 Mar 12 09:14 mkataba.txt
393240 -rw-r--r-- 2 asha asha 1840 Mar 12 09:14 nakala.txt
```

Namba moja, majina mawili. Hii sio bakapu jamani, ukiandika upuuzi kwenye moja na nyingine imeharibika. Lakini jaribu `sed -i` kwenye mkataba.txt alafu angalia tena: mkataba.txt umepata namba mpya, nakala.txt imebaki na 393240, kila moja ina 1. Kwa nini? Sed na programu nyingi za kuhariri haziandiki juu ya faili, zinaandika faili jipya pembeni kisha zinalipa jina la zamani. Ni salama umeme ukikatika katikati, ila inodi si ile tena.

Wanaotumia Docker, ya kuendesha programu ndani ya kontena, hili ndo linawatoa jasho. Umemaunti faili moja la konfigi ndani ya kontena, umelihariri nje, ndani bado la zamani. Kontena lilishika inodi, sio jina. Linganisha `ls -i` ya nje na ya ndani, ukikuta namba tofauti irestati kontena, na siku nyingine maunti folda nzima badala ya faili moja.

"Invalid cross-device link" ni kwamba umejaribu kuunganisha patisheni mbili. Namba za inodi kila patisheni ina zake, tumia `ln -s` inayotengeneza simulinki.

Tarehe haziko sawa

Fupi tu hii. mtime ni data ilibadilika lini, atime ilisomwa lini, ctime ni inodi ilibadilika lini, na SIO tarehe ya kuzaliwa, hata chmod inaisogeza. Ukikopi bila `-a` mtime inakuwa ya leo. atime isiposogea kila unaposoma usihangaike, Linux imepunguza makusudi isichoshe diski. Mafaili yenye tarehe ya 1970 cheki saa ya mashine na betri ya kwenye ubao. Diski za zamani zenye inodi za baiti 128 hazivuki Januari 2038, za sasa za baiti 256 hazina shida hiyo.

Jina la ajabu halifutiki

Jina linaanza na kistari? `rm ./-ripoti`. Lina herufi zisizoandikika? Achana na jina, chukua namba kwa `ls -li`:

```
find . -maxdepth 1 -inum 393301
```

Ukiona limetoka lenyewe ndo uongeze `-delete` MWISHONI. Ukiitanguliza mbele ya -inum inafuta kila kitu kabla ya kuuliza namba.

"Read-only file system", au alama za kuuliza ukiwa ruti

Hii ndo mbaya. Kama ruhusa haziwezi kuwa sababu maana we ni ruti, basi diski yenyewe imeshindwa kusoma inodi, au Linux imeona makosa ikajifunga isiandike ili isiharibu zaidi. Usikimbilie kuimaunti upya ya kuandika. Soma kwanza:

```
sudo dmesg | tail -50
sudo smartctl -a /dev/sda
```

Kama dmesg inalalamikia EXT4 tu na hakuna "I/O error", na umeme ulikatika jana, mara nyingi ni mpangilio umevurugika. Toa data muhimu, washa kwa fleshi ya kuinstolia, na diski ikiwa HAIJAMAUNTIWA piga `e2fsck -n`, fsck ya ext4 ya kukagua na kutengeneza, ikuoneshe bila kugusa, ukiridhika piga bila -n. Kupiga fsck kwenye diski inayotumika ni kujitakia. XFS ina `xfs_repair` yake, na -L usiiguse bila mtu anayejua.

Ikimaliza angalia folda ya `lost+found`. Utakuta vitu vinaitwa `#393240`, `#393255`. Hizo ni inodi zilizookolewa zikiwa nzima, daftari ndo limechanika, kwa hiyo zimepewa namba zao kuwa majina. Piga `file *` ujue ipi ni picha ipi ni PDF, alafu uzirudishie majina moja moja, kazi ya jioni nzima na chai.

Lakini ukiona I/O error, au kwenye smartctl Current_Pending_Sector (sehemu za diski zinazoshindwa kusomeka) sio sifuri na inapanda, usipige fsck kabisa, inailazimisha diski inayokufa ifanye kazi nzito. Nakili diski nzima kwanza kwenda nyingine kwa ddrescue, matengenezo yafanyike kwenye nakala. Na ikiwa inagonga tik tik tik, zima saa hiyo hiyo, usiwashe hata mara moja "kuona kama imepona", ipeleke kwa wanaookoa data. Waambie ni mfumo gani wa faili, ilianza lini, na amri zote ulizokwisha kupiga, hata zile za aibu.